Kokteli za matunda nyumbani Moshi: anza na mchaichai, chupa isubiri

Wengi wanaoniuliza habari za kokteli huanza na chupa: ninunue pombe gani? Mimi nawaambia waanze na mchaichai. Hapa Moshi, kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi kabla ya masika, jua linawaka kweli na mwili unataka kitu cha baridi, chenye uchachu na harufu ya majani mabichi. Pombe ikikosekana kwenye kinywaji hicho, bado kinanyweka vizuri. Majani na ndimu vikikosekana, hakuna pombe itakayokiokoa.

Kazi ya kwanza basi ni shira. Sukari haiyeyuki vizuri kwenye kinywaji cha baridi. Inazama chini, unakunywa uchachu mtupu na kumalizia na chenga za sukari. Chukua kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji, bandika jikoni, koroga hadi sukari iyeyuke. Tia mabua manne au matano ya mchaichai, ukiwa umeponda kwa mchi ile sehemu nyeupe ya chini, maana harufu nyingi iko huko. Ikianza kuchemka, epua, funika, iache ipoe yenyewe. Chuja, mimina kwenye chupa safi, weka kwenye friji. Wiki mbili inakaa bila wasiwasi. Nikiwa na nanasi naongeza tangawizi ya kukwaruza wakati wa kuchemsha, na kwangu hiyo ndiyo shira bora kuliko zote. Rozmari nayo inafaa, hasa kwa tikitimaji, lakini kijiti kimoja tu. Ikizidi, kinywaji kinanuka dawa ya kifua.

Mnanaa usiupeleke motoni. Moto unafukuza ule ubaridi wake na kubakiza ladha ya mboga iliyopikwa. Weka majani sita au saba kwenye viganja, yapige kofi moja, yatie kwenye glasi. Ukipenda yabane kidogo kwa mwiko pamoja na shira, lakini usiyatwange kama kisamvu, kwa sababu jani likichanika hovyo linatoa uchungu na vipande vinakwama kwenye meno ya wageni. Mrehani ufanye vivyo hivyo. Huo unapatana sana na embe. Angalia tu usichume kivumbasi uani ukidhani ni mrehani. Vinafanana, lakini kivumbasi ni kikali, kinakaribia karafuu, na jani moja linatosha jagi zima.

Matunda ya Mbuyuni au Soko Kuu hayahitaji maelezo marefu, ila pasheni nitaisemea. Chagua iliyosinyaa ganda, ndiyo iliyoiva. Usiisage kwenye brenda na mbegu zake, maana mbegu zikivunjika zinaleta uchungu. Kamulia kwenye chujio la chai, sukuma kwa kijiko. Embe ni zito, hivyo linataka ndimu zaidi na maji ya soda ya kulilegeza. Tikitimaji ni maji tayari, usiliongezee maji ya soda. Ndimu kamua siku ileile. Zile chupa za limau za dukani sizitaki jikoni kwangu.

Kipimo changu ni cha kijiko kikubwa, kwa glasi moja: vijiko 4 vya juisi ya tunda, kimoja na nusu cha ndimu, kimoja na nusu cha shira, na kwa anayekunywa, vijiko 3 vya Konyagi. Weka kwenye kopo la kioo lenye mfuniko wa kukaza, jaza barafu, tikisa kwa nguvu hadi kopo liumize mikono kwa baridi, kisha chujia kwenye glasi yenye barafu mpya. Nanasi likitikiswa hivyo linatoa povu zuri juu. Maji ya soda yanaingia mwisho, kwenye glasi, kamwe si kwenye kopo, kwa sababu gesi itakurushia mfuniko. Barafu igandishe kwa maji yaliyochemshwa, tena kwenye vikombe, itoke mabonge makubwa. Mabonge yanayeyuka taratibu, kinywaji hakiwi majimaji.

Kwa nini Konyagi? Inapatikana kila kona, ina asilimia 35 ya pombe, na harufu yake inakubali ndimu vizuri. Ukiwa na vodka tumia vodka, asali badala ya shira, uache juisi ya tunda, na umepata ile kokteli ya Dawa inayouzwa hotelini. Gongo usiiguse kabisa. Si halali, na pombe isiyopimwa inaweza kuwa na methanoli, ambayo inapofusha na kuua. Tunda halifuti sumu hiyo. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nayo iache kwenye kata yake. Ni kinywaji kilichokamilika, tena cha heshima, hakina haja ya kuchanganywa.

Hapa ndipo ninaposisitiza zaidi, hasa Desemba ndugu wakipanda kutoka Dar na nyumba imejaa. Jagi la mezani lisiwe na pombe. Chupa ikae pembeni na kijiko chake, kila mtu mzima ajipimie. Mama mjamzito, shangazi asiyegusa pombe, anayeendesha gari kurudi Marangu, wote wanakunywa kilekile bila kuulizwa maswali, na mtoto akijimiminia huna cha kuhofia. Kupima ni lazima, kwa sababu embe na shira vinaficha ukali. Vijiko 3 vya Konyagi ni mililita 45, pombe halisi humo haifiki mililita 16. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Ukimimina kwa macho, glasi moja inageuka bia mbili na mnywaji hajui.

Maganda ya nanasi usitupe. Nanasi lioshe vizuri kabla ya kumenya, kisha chemsha maganda na tangawizi, mdalasini na iliki kwa nusu saa, chuja, poza. Ukiongeza shira ya mchaichai na ndimu, watoto wana cha kunywa kesho mchana na kreti ya soda inabaki dukani.