Injini ya lita moja yatosha kwenda Mombasa?

SWALI: Asalaam aleikum, Fundi. Nataka kununua Vitz ya lita moja, ya sokoni na ya kwenda Mombasa kuwatazama wazazi kila mwezi. Mwanangu hataki, asema haiwezi kupita hata lori la chumvi. Baba yangu aliendesha Volkswagen Beetle njia hiyo hiyo wala hakulalamika. Gari zimepungua nguvu, au ni sisi?
Mama wa Shela, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Gari hazijapungua hata kidogo. Beetle 1200 ya miaka ya 60 ilikuwa na nguvu za farasi 34. Vitz za mwanzo za lita moja zina 70. Na Volkswagen hiyo ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962!

Ila zamani haraka ilikuwa ya nini? Mimi nilikuwa utingo kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991. Ungekimbia vipi kutoka Gede, kwenye feri ungelala foleni na yule uliyempita. Dereva alisifiwa kwa kufika bila injini kuchemka.

Kilichobadilika ni kipimo. Golf GTI ilipotoka mwaka 1976 na farasi wake 110, ilikuwa gari ya mbio. Leo Probox ya lita 1.5, hii inayobeba matenga ya samaki alfajiri, ina karibu 109, ingawa ni nzito zaidi. Na bado naletewa: “Fundi, imelegea.” Naipima, injini nzima. Nikimuuliza mwenyewe vizuri, juzi alipanda Subaru ya turbo ya rafikiye.

Mwanao ana haki kwa jambo moja. Mkiwa watu wanne, mizigo nyuma na AC inavuma, lita moja huchelewa kupanda mwendo, na malori ya chumvi ya Gongoni ni marefu. Kabla ya kupita, zima AC, na kama ni otomatiki yenye kitufe cha ovadraivu (ile gia ya juu kabisa), izime pia. Usipoona nafasi ndefu, baki nyuma. Nasema hivi kwa sababu nimevuta gari nyingi zilizopondeka njia ile, na hakuna hata moja iliyoponzwa na upole.

Pesa utakazookoa kwa kununua gari ndogo tia kwenye matairi na breki. Na kabla ya kulipa, jazeni gari nyote, AC ikiwaka, mwende Gede na kurudi. Mwanao aendeshe. Kisha nileteeni niitazame chini.