Na sisi tuliokuwa nje ya uzio?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama uwanja wa ndege ukihamishwa kutoka katikati ya mji, mji unapata au unapoteza. Mmeliambatanisha na kisa cha Meigs Field ya Chicago, na nimekisoma nikakasirika kwa niaba ya watu nisiowajua. Kiwanja kidogo kando ya Ziwa Michigan, jirani kabisa na maofisi ya mji, kimepokea ndege ndogo tangu 1948. Usiku wa Machi 30, 2003, Meya Richard M. Daley anatuma matingatinga yanachimba alama kubwa za X kwenye njia ya kurukia. Kulipokucha, uwanja hakuna, na ndege zilizolala pale zimenasa.

Kwetu Mbeya hakuna aliyekuja usiku. Desemba 2012 safari zilihamia uwanja mpya wa Songwe mchana kweupe, na sababu tuliambiwa. Ila hesabu ya kupata na kupoteza huwa inafanywa kwa abiria na mizigo. Mimi nataka kuwasemea wale ambao hawajapanda ndege maisha yao yote lakini uwanja wa zamani ulikuwa wao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mjomba alimtumia bibi tiketi aende Dar es Salaam. Miguu yake ilikuwa imevimba, na basi la kutwa nzima kuteremka Kitonga na kukatiza Mikumi asingeliweza. Bibi akaja kutoka Tukuyu siku moja kabla, akalala kwetu Mwanjelwa, asubuhi tukamsindikiza wote: baba, mama, shangazi, majirani, na sisi watoto tukibebana na mizigo. Tulikwenda kwa miguu. Tulikwenda polepole kwa sababu yake, na kila tuliyepishana naye njiani alisalimiwa na kuelezwa kwamba bibi anapanda ndege.

Ndani kulikuwa na mizani ya kusimama, ya chuma. Ndege ilikuwa ndogo, ya injini mbili, kwa hiyo kila abiria alipimwa mwenyewe kisha mzigo wake. Karani, kijana mpole, akasema, "Bibi, naomba upande hapa." Bibi akaitazama ile mizani muda mrefu. Alikuwa mkulima wa kahawa, na mizani alizijua kwa ubaya.

"Mimi nauzwa?"

"Hapana bibi, rubani anataka kujua uzito tu."

Akavua kandambili, akaziweka pembeni sambamba, akapanda akiwa amemshika baba bega. Karani akamwomba amwachie baba, maana mshale ulikuwa unacheza. Akamwachia. Akasimama peke yake, amenyoosha mgongo, anatazama mbele kama anapigwa picha ya kitambulisho, na sisi dirishani tukanyamaza.

Shida ikaja kwenye mzigo. Kiroba cha mchele wa Kyela, ndizi, na maharage aliyofunga kwenye kitenge, vyote pamoja vilizidi. Karani akasema kitu kimoja kibaki. Bibi akasema mchele haubaki, ndizi ni za mkwe wake, na maharage yalikwisha kuahidiwa. Hakugomba, alieleza tu. Nyuma yake alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Uhindini, ana mkoba mdogo wa karatasi. Akamwambia karani, "Huo mchele andika kwangu, mimi sina mzigo." Karani akafikiri, akaandika. Bibi akamshika yule mfanyabiashara mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo, mwanangu."

Kisha tukangoja. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima Loleza na rubani hakutaka kuondoka. Tulikaa kwenye nyasi nje ya seng'enge na watu wengi wasio na msafiri yeyote: wauza karanga, wanafunzi, kina mama waliokuwa wakipita kwenda sokoni. Ndege ilipokimbia na kuinuka, watu wote wale walimpungia bibi mkono, na jina lake walikuwa wamelijua asubuhi ile ile.

Mbeya ni mji wa ndege tangu utoto wake. Mwaka 1932, dhahabu ya Lupa ikivuta watu, ndege za Imperial Airways za kutoka London kwenda Cape Town zilikuwa zikitua hapa, kati ya Dodoma na Mpika, Zambia ya leo. Treni ya TAZARA tuliisubiri hadi miaka ya 1970.

Sasa Songwe. Nilikaa kuandika nikiwa na hakika kwamba tumepoteza, na bado moyo unasema hivyo. Lakini uwanja wa zamani uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, ndege inahitaji kukimbia zaidi ndipo inyanyuke, na njia ilikuwa fupi huku nyumba zimeizunguka. Songwe iko chini zaidi na njia yake inazidi kilomita 3. Mwaka 2013 shirika la Fastjet lilileta Airbus A319, ndege ambayo pale mjini tusingeiona. Mzee mwenye miguu kama ya bibi leo ana nafasi kubwa zaidi ya kupata kiti kuliko wakati ule. Hilo siwezi kulipinga.

Kwa hiyo kura yangu ni kwamba kuhama kulikuwa sahihi. Lakini Songwe ni zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, kwenye barabara ya Tunduma, na familia nzima haiwezi kukodi taksi kwa ajili ya kusindikiza. Pawe na basi la nauli ya daladala linalofuata ratiba za ndege, na nje pawe na kivuli na mabenchi kwa wasio na tiketi. Eneo la zamani nalo lisikatwe viwanja vya kuuza. Wakitaka kujenga hospitali au shule, sitapinga. Wakitaka maduka, naomba watu wa Mwanjelwa tuulizwe kwanza.