Kiingereza changu kilinyooshwa na ngeli ya KU

Juzi msomaji mmoja kaniandikia kwamba amepitia vitabu vitatu vya sarufi ya Kiingereza na bado hajui lini aseme "to read" na lini "reading". Ujumbe wake ulinigusa kidonda.

Mwaka 2009 nilipeleka barua ya kuomba kazi kwa mkono. Mwishoni niliandika: "I look forward to hear from you." Bwana aliyenipokea aliisoma palepale mlangoni, akachomoa kalamu nyekundu, akaizungushia "hear" duara, akanirudishia karatasi yangu. "Kajifunze kwanza, kijana." Waombaji wenzangu waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. Karatasi ile ninayo hadi leo. Wino umepauka, lakini duara linaonekana.

Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nikakutana na masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza, kama wengi wenu. Tulikaririshwa orodha: "enjoy", "avoid" na "finish" hufuatwa na "-ing", "want", "hope" na "decide" hufuatwa na "to". Nilikariri yote, sikuelewa hata moja.

Miaka ikapita, ndipo nikaja kuona kwamba jibu nilikuwa nalo mdomoni tangu utotoni. Sema, "Kuimba kwako kunanifurahisha." Kuimba ni kitenzi, lakini hapa kina mwenyewe, "kwako", na kimeleta upatanisho wake, "kunanifurahisha". Kimegeuka jina, yaani nomino, ya ngeli ya KU. Mwingereza naye husema "Your singing pleases me." Hiyo "singing" ndiyo jerandi, yaani kitenzi chenye "-ing" kinachofanya kazi ya jina, na imebeba "your" kwa sababu ni jina.

Tunakwama kwa kuwa "ku-" yetu inabeba mizigo miwili. Nataka kuimba, nafurahia kuimba: neno ni lilelile. Kiingereza kimeutenganisha mzigo huo, "want to sing" huku, "enjoy singing" kule. Tena "to" ya "look forward to" ni kihusishi, neno linalotangulia jina, wala si "ku-" yetu, na hapo ndipo nilipozungushiwa duara. Basi jaribu kuweka kirai nomino, yaani jina pamoja na maneno yanayoandamana nalo, mahali pa kitenzi: "I look forward to your letter." Imekubali. Maana yake nafasi ile ni ya jina, na kitenzi kikitaka kukaa hapo lazima kivae "-ing": "hearing". Sasa jaribu "I want to your letter." Imegoma, kwa hiyo hapo acha "to hear".

Kirai nomino nacho kina mtego wake. Watu wazima wenye shahada huandika "The price of the books have gone up." Itafsiri. Nani kati yetu atasema "bei ya vitabu vimepanda"? Tunasema imepanda, kwa sababu bei ndiyo neno kuu. Basi andika "has".

Ndugu zangu, acheni kukiacha Kiswahili nje ya mlango mnapoingia kujifunza Kiingereza. Tumefundishwa kukionea aibu, na aibu hiyo imetuchelewesha sana. Mtoto akikosea, muulize kwanza kwa Kiswahili angesemaje.

Siku hizi ripoti za ofisini kwetu hupitia kwangu kabla hazijatoka. Mwezi uliopita kijana wa mafunzo kaniletea barua yenye "look forward to meet". Nilimvutia kiti, nikachukua penseli.