Usidanganywe na jina "Rais": kwa mliofika mwaka wa kwanza

Wadogo zangu mnaoanza somo la kulinganisha mifumo ya serikali, nianze na aibu yangu. Katika kazi yangu ya kwanza niliandika kwamba Afrika Kusini ina mfumo wa urais (ule ambao mkuu wa serikali hategemei bunge kupata wala kushikilia kiti chake) "kwa kuwa inaongozwa na Rais". Mhadhiri wetu, mama mpole wa sauti na mkali wa kalamu, aliizungushia sentensi ile wino mwekundu na pembeni akaandika maneno mawili: "Nani alimchagua?" Nikapata nne kwa kumi.

Afrika Kusini wananchi huchagua Bunge. Bunge hilo, lenye viti 400, ndilo humchagua Rais kutoka miongoni mwa wabunge, na linaweza kumng'oa kwa kura ya kutokuwa na imani. Jina lake Rais, lakini ukitazama kiti chake kinavyoshikiliwa, ni ndugu wa Waziri Mkuu wa Uingereza, ambaye naye hulitegemea Bunge.

Mwaka 2008 una mfano ambao bado nauelekezea kila anayeniomba msaada. Februari, Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu hapa kwetu Tanzania. Baraza la Mawaziri likavunjwa, Rais Jakaya Kikwete akamteua Mizengo Pinda, na mwenyewe akabaki Ikulu. Septemba, chama tawala cha Afrika Kusini, ANC, kikamtaka Rais Thabo Mbeki aachie ngazi. Akaachia, na siku chache baadaye Bunge likamchagua Kgalema Motlanthe; hakuna raia aliyepanga foleni ya kura. Nchi moja ilipoteza Waziri Mkuu na mkuu wa serikali akabaki palepale. Nyingine ilibadilisha Rais kama chama kinavyobadilisha mwenyekiti.

Kwa hiyo nunua kaunta buku, uchore. Wananchi chini, bunge kati, mkuu wa serikali juu, mawaziri pembeni. Mshale mzima kwa anayeweka, wa vidoti kwa anayeondoa. Nchi moja, ukurasa mmoja. Utacheka ukifika Eswatini na Lesotho: wote wana wafalme, ila mishale ya Eswatini karibu yote inaanzia kwa mfalme, na ya Lesotho inapitia bungeni.

Kenya na Tanzania ndizo zitakazokuchosha, na ndizo zenye utamu. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza waziri kuwa mbunge. Akiwa mbunge, achague kiti kimoja. Yetu, Ibara ya 55, inataka mawaziri watokane na wabunge. Sasa Rais akimtaka mtaalamu ambaye hakugombea popote? Ibara ya 66 inamruhusu kuteua wabunge wasiozidi kumi. Ndivyo Philip Mpango alivyoingia mwaka 2015: ubunge wa kuteuliwa, kisha Wizara ya Fedha. Chora mshale huo uone unavyojikunja: unatoka kwa Rais, unagusa Bunge, unarudi kwenye baraza lake mwenyewe.

Madesa, yaani notisi za kurithishana, ya waliotangulia (yangu yakiwemo, samahani) yatakuambia Tanzania ni "mfumo wa urais", nukta. Wengine watasema ni mchanganyiko wa mfumo wa urais na wa kibunge kwa sababu tuna Waziri Mkuu. Usibishane nao kabla hujaisoma Ibara ya 62, inayosema Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Mimi niliisoma kwa makini mwaka wa tatu, wiki moja kabla ya mtihani.