Mvinyo wa kale zaidi ni wa Georgia
Je, mvinyo ulianzia Ufaransa? Hapana. Ushahidi wa kale zaidi wa mvinyo wa zabibu umetoka Georgia, ile nchi ya eneo la Kaukasia, si jimbo la Marekani: vigae vya mitungi ya miaka 8,000 hivi, vilivyochimbuliwa kusini mwa Tbilisi, mji mkuu wake, na kukutwa na mabaki ya asidi ya zabibu. Matokeo yalitangazwa 2017. Hadi leo huko wanauchachusha kwenye kwevri, mitungi mikubwa ya udongo inayofukiwa ardhini, na UNESCO iliuorodhesha ufundi huo 2013. Ila China kuna mabaki ya kileo ya zamani zaidi, lakini hicho kilikuwa kinywaji cha mchele, asali na matunda.