Soketi ya sensa imevunjika: maswali yenu wiki hii

Wiki hii karibu kila mtu ameniuliza mambo ya soketi, kile kichwa cha plastiki kinachounganisha waya na sensa (kifaa kinachopimia kompyuta ya gari joto na mambo mengine), sijui ni mvua ama ni gari zetu tu zimezeeka. Haya twende.

Fundi, nilikuwa natoa soketi ya sensa ya tempericha kwa Probox, ule ulimi wa kufunga ukakatika. Nikiirudisha inakaa, lakini nikipita matuta taa ya injini inawaka. Nitie super glue? (Kondele, Kisumu)

Wacha gundi ndugu yangu. Hiyo plastiki imepikwa na joto miaka mingi imekauka kama biskuti, ukigundisha leo kesho inakatika kando ya pale pale, na gundi ikiingia kwa pini umejitafutia kazi ingine. Kwa sasa sukuma soketi mpaka mwisho, uifunge pamoja na sensa na ile kamba ya plastiki ya kufungia waya, isibanwe sana. Halafu tafuta soketi nzima kwa wale wanauza spea za gari zilizovunjwa, na uwaambie wakuachie waya ya shibiri moja hivi, wakikata fupi utakosa pa kushika. Siku ingine ukitoa, sukuma soketi mbele kidogo kwanza ndio ubonyeze ulimi, na usivute waya kabisa.

Mashine ya kusoma makosa ya gari inaonyesha kodi P0118, feni inazunguka hata asubuhi na baridi. Nimebadilisha sensa mara mbili. (Nakuru)

Mara mbili! Pole sana, hiyo pesa ungenunua mita ya kupima umeme. P0118 maana yake kompyuta inaona volti ya sensa ya tempericha ya injini iko juu sana, na mara nyingi ni waya imeachana mahali, kwa hivyo inadhani injini iko kwa barafu, karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Gari nyingi zikiona hivyo zinawasha feni ndio injini isiungue. Toa soketi, washa swichi bila kustati, pima pini mbili za soketi. Unafaa upate karibu volti 5. Ukikosa, waya imekatika huko nyuma. Ukipata, angalia pini zenyewe: kuna ile kutu ya kijani, na kuna pini imepanuka haishiki tena, hiyo sensa mpya haisaidii.

Mimi mwenyewe kuna siku nilizunguka na gari moja Nyalenda nusu siku, waya kwa macho ilikuwa safi kabisa, nikajaribu kuivuta polepole karibu na soketi ikanyooka kama Big G. Shaba ndani ilikuwa imekatika, mpira peke yake ndio ulikuwa umeshika. Tangu siku hiyo navuta kwanza ndio napima.

Nikiunganisha soketi mpya, nisokote waya nipige tepu ama ni lazima solda? (Kakamega)

Kusokota na tepu hapana, joto la injini linayeyusha gundi ya tepu, unabaki na waya uchi. Solda ni sawa, kile kibomba cha kubana na koleo pia ni sawa. Toa negativu ya betri, kata waya moja, unganisha, ndio ukate ya pili, ukikata zote pamoja utachanganya. Usifuate rangi pia, soketi ya gari ingine inaweza kuwa na rangi zake, fuata nafasi ya pini. Maungio yasikae sambamba, moja iwe mbele ingine nyuma. Na ule mpira unaobana ukipashwa moto uvalishe waya KABLA ya kuunganisha (kila fundi amewahi kusahau, usicheke). Mwisho funga waya mahali isitetemeke, kwa sababu solda inafanya waya iwe ngumu na inakatikia pale solda imeishia.

Na sensa ya oksijeni ya ekzosi? (Busia)

Hiyo usisolde. Nyingi zinapumua hewa kupitia ndani ya waya yake, solda inaziba. Bana tu.

Naweza kujaza silikoni kwa soketi ndio maji yasiingie nikiosha injini? (Bungoma)

Ile inanuka siki usiweke, inakula shaba. Ndani ya soketi kuna kampira kadogo ka kuzuia maji, mara nyingi unakapata kamebaki kwa sensa ama kameanguka chini ya injini. Kaoshe, ukarudishe.