Ukitumwa Japani kikazi, usisubiri siku ya mapumziko

Safari yangu ya kwanza Osaka ilikuwa ya wiki mbili, mafunzo ya pampu za maji. Nilijiwekea Jumamosi ya mwisho: nitakwenda Kyoto, nitazunguka mahekalu mpaka nichoke. Jumamosi ikafika, wenyeji wetu wametupangia kutembelea kiwanda. Jumapili ndege. Nilirudi Dar es Salaam nikiijua njia ya kutoka hotelini hadi darasani, basi. Iliniuma sana.

Nilipotumwa tena, sikuiachia Jumamosi iniamulie. Siku ya pili tu, darasa lilipoisha, nilikwenda Fushimi Inari. Hekalu hili la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, liko wazi usiku na mchana na halina kiingilio. Kutoka Osaka treni ya haraka hufika Kyoto kwa nusu saa hivi. Pale unabadilisha, unapanda ya njia ya Nara na kushuka kituo cha pili, Inari. Panda ile ya kawaida inayosimama kila kituo, maana ya haraka inapita Inari bila kusimama. Na uangalie saa ya kurudi, treni huisha karibu na saa sita usiku.

Usiogope uchovu. Japani imetutangulia kwa saa 6, kwa hiyo hapo saa nane za usiku mwili wako unahesabu saa mbili, wakati wa chakula cha jioni nyumbani. Usingizi hautakuja mapema hata ukijilaza.

Njia ya kupanda mlima imefunikwa na malango mekundu, maelfu, yamesongamana hadi unatembea kama ndani ya ushoroba. Wakati wa kupanda unaona rangi tu. Wakati wa kushuka ndipo unapoona maandishi meusi nyuma ya nguzo. Mwenzangu wa darasani alinisomea baadhi: majina ya maduka na kampuni zilizotoa malango hayo, na tarehe. Inari, mungu wa hekalu hili, huombwa mavuno ya mpunga na heri ya biashara. Nilisimama kwenye taa hafifu nikigusa nguzo moja, rangi imeanza kubanduka chini, nikawaza kwamba hapa watu wameleta kazi zao.

Tangu hapo naamini aliyekwenda kikazi ana bahati kuliko mtalii. Mtalii hasikii *otsukaresama desu*. Ni maneno wanayoambiana wafanyakazi jioni wakiagana, na kwetu tafsiri yake tunayo tayari: pole na kazi. Siku niliyomwambia fundi mkuu maneno hayo, alisimama, akainama, akanijibu polepole ili nisikie kila silabi. Kesho yake alinikaribisha kula naye.

Mengine ni madogo, ila yashike. Ukipewa kadi ya kazi, ile yenye jina na cheo cha mtu, ipokee kwa mikono miwili, uisome, uiweke mezani mbele yako, usiisukumize mfukoni. Vaa soksi nzima, maana viatu utavivua, na kwenye mikeka ya tatami hata ndara haziingii. Vijiti usivisimamishe ndani ya wali, hivyo hufanywa msibani. Kama hauli nguruwe, uliza kila mara, hata mchuzi wa tambi huenda umetokana na mifupa yake. Kwa Waislamu, Kobe haiko mbali na Osaka, na msikiti wake wa mwaka 1935 ulisalimika katika mabomu ya vita na tetemeko la 1995.

Halafu kuna tunu. Mjapani akisafiri huwarudishia wenzake wa ofisini *omiyage*, vitu vya kula vilivyofungwa kimoja kimoja ili kila mtu apate chake. Nawe usiende mikono mitupu. Mimi nilibeba kahawa ya Kilimanjaro katika vipakiti vidogo. Mzee mmoja wa idara ile alikigeuza chake, akasoma jina, akalitamka "Kirimanjaro" huku akitabasamu, kisha akaenda moja kwa moja kuchemsha maji.